Kumalizana Barabarani Si Huruma

Ajali ya bodaboda ikitokea, iwe Kisauni, Kakamega au Githurai, mashauri huanza kabla vumbi halijatulia. Abiria angali chini ameshika mguu, kijana wa pikipiki anatetemeka, wenzake wamekwisha kuzunguka, na mtu mzima mmoja anajitwalia kazi ya upatanishi. Maneno yake tunayajua sote. Huyu ni mtoto wa watu, hata pikipiki si yake, kila jioni anampelekea tajiri hesabu. Ukimpeleka polisi utapata nini? Wamalizane. Simu inatolewa, elfu mbili au tatu za dawa zinatumwa kwa M-Pesa, watu wanapeana mikono, na anayesitasita anaonekana mwenye roho mbaya. Wazo hili limeota mizizi hata kwa waliosoma: kwamba kudai fidia baada ya ajali ya bodaboda ni kumkamua maskini, au basi ni kujichosha bure, kwa kuwa aliyekuumiza hana kitu. Nalipinga tangu msingi wake. Huruma inayosifiwa pale kando ya barabara haimwokoi sana kijana yule. Wanaoifaidi ni mwenye pikipiki na kampuni ya bima, na wanaoilipia ni jamaa za majeruhi.

Nianze na hilo la "hana kitu", maana ndilo nguzo ya hoja nzima. Sheria ya Kenya ya bima ya vyombo vya moto, Sura ya 405, inakataza chombo chochote kutumika barabarani bila bima ya kumlinda mtu mwingine atakayeuawa au kuumizwa nacho. Asili yake ni Uingereza, ambako bima ya namna hii ilifanywa lazima mwaka 1930. Magari yalikuwa yameongezeka, watu wakawa wanagongwa, wanashinda kesi, kisha wanakuta aliyewagonga hana cha kuwalipa. Umaskini wa mkosaji ndio uliozaa bima ya lazima. Kwa hiyo anayetuambia tusidai kwa sababu kijana hana kitu anashika kama pingamizi jambo lile lile ambalo sheria ilitungwa kulitibu. Ni kweli kesi huandikwa kwa jina la dereva na la mwenye chombo, na hapo ndipo wengi wanapoingiwa na hofu ya kumwangamiza mtu. Lakini kifungu cha 10 cha sheria hiyo kinaitwika kampuni ya bima wajibu wa kulipa hukumu, hadi shilingi milioni 3 kwa kila aliyeumia. Kwa mfupa wa mguu uliovunjika ukaunga vizuri, mahakama zetu kwa kawaida hutoa laki kadhaa tu, kiasi kilicho mbali na kikomo hicho. Bima ikiwa hai, mfuko wa kijana hauguswi. Wala kampuni haitoi sadaka: ilikwisha kupokea ada yake kwa ajili ya siku kama hiyo. Na abiria asiambiwe kwamba bima hiyo ni ya wapita njia peke yao. Kuna abiria ambao sheria haiwalazimishii ulinzi, lakini aliyebebwa kwa nauli si mmoja wao.

Sasa tazama makubaliano ya barabarani hufanywa lini. Hufanywa saa ile ambayo hakuna anayejua ukubwa wa jeraha: daktari hajaona, picha ya eksirei haijapigwa, na mwenye mguu mwenyewe bado hajaanza kusikia maumivu barabara. Mfupa wa muundi, unaovunjika sana katika ajali za pikipiki kwa sababu hauna nyama ya kuukinga mbele, huchukua kama miezi minne hadi sita kuunga mambo yakienda sawa. Ukitoboa ngozi, mambo huwa magumu zaidi. Jeraha lazima lisafishwe katika chumba cha upasuaji, chuma kiwekwe, usaha ukiingia lifunguliwe tena, na baadaye pengine chuma kilekile kitolewe kwa upasuaji mwingine. Mchukue mwanamke anayeamka alfajiri kwenda soko la Kongowea kununua mboga za jumla na kuziuza mtaani kwao. Mwezi wa kwanza anaishi kwa akiba. Wa pili mtaji umekwisha kuliwa, na mahali pake pa kuuzia pana mtu mwingine. Wa tatu amekosa zamu yake ya mchango katika chama, na binti yake mkubwa anakosa shule siku mbili tatu kwa wiki ili amsaidie kwenda msalani. Hayo yote yalimalizwa kwa elfu tatu. Kichwa nacho ni hatari zaidi, kwa sababu mtu aliyeanguka akainuka akijipangusa anaweza kuwa anavuja damu polepole ndani ya fuvu, na dalili zikajitokeza baada ya wiki kadhaa, mpatanishi akiwa amekwisha kusahau jina lake. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na anayeuziwa ni mtu aliyelala chini.

Makubaliano mengine huandikwa katika kituo cha polisi, kwa karatasi inayotaja nambari ya kitambulisho na kusema kwamba fulani amepokea shilingi kadhaa na hana dai lingine. Watu huiona karatasi hiyo kama kinga kwa pande zote mbili. Kwa majeruhi ni kitanzi. Hata pale ambapo mahakama ingeitilia shaka, wakili wa bima ataitoa ya kwanza kabisa. Nayo karatasi hiyo angalau ni ushahidi kwamba ajali ilitokea; wanaomalizana palepale barabarani hawaachi hata hilo. Hakuna maandishi katika OB, kitabu cha matukio cha polisi, kwa hiyo hakuna abstrakti ya polisi inayotaja nambari ya pikipiki, dereva, kampuni ya bima na mkataba wake. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva aliyehusika katika ajali ya kuumiza mtu aripoti polisi ndani ya saa 24, na sheria ya muda wa kufungua mashtaka inampa majeruhi miaka 3 kuwasilisha dai lake la madhara. Miaka 3 ni mingi, lakini haina faida kwa mtu ambaye siku ya kwanza alikubali ajali yake isiandikwe popote.

Pesa zisizolipwa na bima hazipotei. Hulipwa na mtu mwingine. Kila mwenye simu Kenya anajua zinapoishia. Kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa kwa jina la mgonjwa, mweka hazina anateuliwa, orodha inaanza kwa mjomba aliyetoa elfu moja na kuendelea hadi kwa jirani aliyetoa mia. Mchango ni desturi nzuri na siibezi. Ninachouliza ni kwa nini mwalimu wa chekechea mwenye mshahara mdogo achangie chuma cha mguu ambacho kampuni fulani ilipokea ada ili ikilipie. Wengine watasema siku hizi kuna SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024. Na ilipe sehemu yake hospitalini. Haitalipa miezi sita ya biashara iliyosimama, wala mguu uliobaki mfupi, wala mtu wa kukaa na watoto.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba pikipiki nyingi hazina bima kabisa, na nyingine zina bima ya kuonyesha polisi tu. Sibishani na hilo. Lakini linathibitisha kidogo kuliko inavyodhaniwa. Kwanza, ajali nyingi za bodaboda zina chombo cha pili ndani yake: lori lililogeuka bila kuangalia, matatu iliyosimama ghafla katikati ya njia, gari dogo lililofungua mlango. Vyombo hivyo huwa na bima mara nyingi zaidi, na vikiwa na sehemu ya kosa, bima zao zina sehemu ya malipo. Anayemalizana na kijana wa boda mara nyingi humwachilia dereva wa lori ambaye hakushuka hata kuangalia. Pili, pikipiki ina mwenyewe. Jina lake limo katika rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na linatafutwa kwa nambari ya usajili. Sura ya 405 haimwadhibu anayeendesha bila bima peke yake. Inamkamata pia anayesababisha au kuruhusu chombo kitumike hivyo. Tajiri mwenye pikipiki kumi barabarani, anayepokea hesabu kumi kila jioni, hawezi kuitwa mtu asiye na kitu. Kile kilio cha "usimkamue maskini" kinampa yeye kivuli cha bure, naye hajawahi kufika penye ajali hata mara moja. Nikiri kwamba hii ndiyo sehemu ya mjadala inayoniudhi kuliko zote.

Kuna pia wanaosema bima zenyewe hukataa. Hukataa, tena kwa wingi: pikipiki ilikatiwa bima ya matumizi binafsi nayo ilibeba abiria, dereva hakuwa na leseni, walikuwa watatu juu ya kiti cha wawili. Barua ya kukataa huandikwa kwa lugha ya kutisha, na anayeipokea hudhani safari imeishia hapo. Hapa sheria ina meno ambayo watu hawayajui. Baadhi ya masharti ya mkataba hayawezi kutumiwa dhidi ya mtu wa nje aliyeumia, yakiwemo yanayohusu umri au hali ya kiafya ya dereva, ubovu wa chombo, na idadi ya watu waliobebwa. Kwa hiyo watatu juu ya pikipiki moja ni kosa la trafiki, na kampuni inaweza kumdai mteja wake baadaye, lakini haliwi ukuta wa kujificha mbele ya majeruhi. Suala la matumizi na la leseni ni gumu zaidi, sitadanganya. Hata huko, kampuni inayotaka kujitoa kwa hoja kwamba ilidanganywa wakati wa kukata bima haitoshelezwi na barua. Inapaswa kwenda mahakamani kuomba tamko, na kesi hiyo iwe imefunguliwa kabla ya ile ya majeruhi au ndani ya miezi mitatu baada yake. Mwenye kudai naye ana sharti lake, kuipa kampuni taarifa rasmi ya kesi kwa wakati, na wengi huangukia hapo kwa uzembe tu.

Halafu lipo lile la lawama: hukuvaa helmeti, ulipanda ukijua kijana anakimbiza, utamdai nani? Helmeti ni muhimu. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi na ya kufa kwa asilimia 42. Lakini helmeti haikingi muundi. Aliyevunjika mguu hajachangia kuvunjika kwake kwa kuacha kichwa wazi, na kumnyima kitu kwa sababu hiyo ni adhabu isiyo na mantiki. Hata aliyeumia kichwa hanyang'anywi dai lote. Sheria inagawa kosa kwa mafungu na kupunguza malipo kulingana na fungu la kila mtu. Mahakama ya Rufani ya Uingereza, ambayo maamuzi yake mahakimu wetu huyasoma ijapokuwa hayawafungi, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilimpunguzia mwendesha pikipiki asiye na helmeti asilimia 15. Kwa kipimo hicho, laki 6 zinabaki 510,000. Kati ya kupunguziwa na kukosa kuna pengo la nusu milioni, na ndilo pengo ambalo mpatanishi wa barabarani hulifuta kwa sentensi moja.

Pwani na kwingineko wapo wanaozuia dai kwa jina la dini. Imekwisha andikwa, wanasema, na kudai pesa kwa mwili wako ni kushindana na kadari. Na kama mtu amekufa, ni kula damu ya maiti. Ninaiheshimu imani hiyo, lakini dini zenyewe hazisemi hivyo. Aya ya 92 ya Sura An-Nisaa inazungumzia kuua kwa bahati mbaya, yaani jambo lililo wazi kabisa kuwa ni kadari, na papo hapo inaamuru diya ilipwe kwa jamaa za marehemu isipokuwa wao wenyewe wakisamehe. Wanazuoni wakaendelea hadi kuweka viwango vya majeraha ya viungo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamtaka aliyempiga mwenzake akalala kitandani alipie muda alioupoteza na kumuuguza hadi apone: kipato kilichopotea na gharama za matibabu, vitu viwili vya kwanza ambavyo wakili yeyote wa Nairobi leo angeviandika katika hati ya madai. Msamaha umewekwa mikononi mwa aliyeumia, autoe kwa hiari akiwa anajua anachokisamehe. Mpatanishi anayemtolea msamaha huo mtu mwenye maumivu makali, huku wenzake kijana wakiwa wamemzunguka, anasamehe mali isiyo yake. Na hata anayetaka kumsamehe kijana kwa moyo mkunjufu anaweza kufanya hivyo na bado kuidai kampuni, ambayo haijapatwa na msiba wowote.

Wenye bima wana hoja yao, kwamba madai ya uongo yamejaa. Wanasema kweli. Majeruhi wa kubuni, fomu za polisi za P3 za kughushi, abiria ambao hawakuwahi kupanda: haya yamefikishwa mahakamani mara nyingi, na gharama yake huishia katika ada ya kila mwenye chombo. Lakini fikiri utamaduni wa kumalizana unafanya nini katika hali hiyo. Unawaondoa waaminifu uwanjani. Mwenye haki anaona haya, anachukua elfu tatu na kwenda zake. Tapeli hana haya, anajua afisa gani ataandika na kliniki gani itagonga muhuri. Tukiwafundisha watu wema kwamba kudai ni tamaa, tutabaki na wadai wenye tamaa. Dawa ya uongo ni ajali kuandikwa siku ileile kituoni na hospitalini, jambo ambalo kumalizana kunalizuia.

Kuhusu mawakili nitasema machache, kwa kuwa malalamiko mengi juu yao ni ya haki. Wapo wanaotumia madalali wodini, wapo wanaokaa na pesa za mteja. Sheria ya Mawakili inakataza kutafutiwa wateja na madalali, na haitambui mkataba wa wakili kulipwa endapo tu kesi itashinda; anayekuja kitandani na karatasi ya "nusu kwa nusu" amekwisha kujitambulisha. Lakini si kila dai linahitaji vita. Barua ya madai yenye abstrakti, stakabadhi na ripoti ya daktari hujibiwa mara nyingi kwa mazungumzo, na yakishindikana, hakimu mkazi wa kawaida ana uwezo wa kusikiza kesi ya hadi shilingi milioni 5, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda basi kwenda mahakama za Milimani, Nairobi. Dereva akiwa amekwisha kutiwa hatiani na korti ya trafiki, hukumu hiyo inatumika kama ushahidi wa kosa lake katika dai la fidia. Wengi hufanya kinyume: wanasikia ametozwa faini, wanadhani mambo yameisha, kumbe faini imekwenda serikalini.

Na kijana mwenyewe, ambaye huruma yote hii inadaiwa kuwa ni yake? Mwaka 2023 watu 4,324 waliuawa katika barabara za Kenya kwa hesabu ya NTSA, na waendeshaji pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa ya idadi hiyo. Bodaboda hagongi tu, naye hugongwa. Bima ya lazima aliyokatiwa na tajiri haimlindi yeye akianguka peke yake; akigongwa na lori, yeye ndiye mtu wa nje ambaye bima ya lori ilikatwa kwa ajili yake. Lakini amekulia katika desturi ya kumalizana, na dereva wa lori anaijua vizuri desturi hiyo. Anashuka, anatoa elfu kumi, anasema wewe mwenyewe ulikuwa unapita upande usio wako, nenda ukatengeneze pikipiki. Kijana anashukuru. Anatengeneza pikipiki, kwa kuwa hesabu ya tajiri haingoji, na bega linabaki vile lilivyo.

Mahali pamoja wapinzani wangu wana haki, na sitaki kupapita kwa haraka. Pikipiki isiyo na bima, ya mwenyewe asiye na mali, iliyogonga peke yake; au gari lililogonga usiku likakimbia. Hapo sheria ya Kenya haina jibu, na kumwambia majeruhi akadai ni kumchezea. Jibu hilo lipo kwingine. Uingereza ilianzisha chombo cha kulipa waathiriwa wa madereva wasio na bima mwaka 1946. Afrika Kusini ina mfuko unaogharimiwa na tozo ya mafuta, pamoja na madeni yake yote yanayojulikana. Rwanda, jirani tu, ina mfuko maalumu wa dhamana kwa waliogongwa na vyombo visivyotambulika au visivyo na bima. Kenya iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008 ili vijana wapate kazi, ikazikaribisha kwa mamia ya maelfu, na haikuunda mfuko wa namna hiyo kwa wale ambao pikipiki hizo zingewaangusha. Wanaosema mfuko kama huo utaliwa na wakubwa wana sababu ya kushuku, ila shuku hiyo ni hoja ya kuusimamia kwa ukali, kama tunavyodai kwa SHA. Wakati tunaungoja, lipo linalowezekana kesho bila kupita Bungeni: afisa wa zamu akatae kushuhudia makubaliano yoyote ya majeraha kabla hajaandika katika OB jina la kampuni ya bima na nambari ya mkataba wake, na kabla hajaona karatasi ya daktari inayosema mfupa umeunga.